Mhadhara Usiohudhuriwa: Istilahi za Kurekodi Masomo ya Chuo Kikuu na Kuyafikisha kwa Wanafunzi

1. Utangulizi

Katika muhula mmoja uliopita, chuo kimoja hapa Unguja kilibandika tangazo lenye sentensi mbili tu: "Mhadhara wa Jumatatu utarushwa mtandaoni. Wanafunzi wote wahudhurie." Aliyeliandika hakuwa na shaka juu ya alichokikusudia. Wasomaji wake, hata hivyo, waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifahamu kwamba mhadhiri angezungumza saa ile ile ya ratiba, nao wangemsikiliza kwa simu popote walipo. Kundi la pili lilifahamu kwamba mhadhara ungerekodiwa na kuwekwa mahali ambapo kila mmoja angeufungua kwa wakati wake. Kundi la tatu lilishika neno "wahudhurie," likafunga safari hadi ukumbini, na likaukuta mlango umefungwa.

Miongoni mwa kundi la pili alikuwamo mwanafunzi mmoja wa ualimu anayekaa Bububu, ambaye kila siku hupanda daladala ya 502 kwenda kwenye masomo. Siku hiyo alibaki nyumbani, na usiku, kazi za nyumba zilipokwisha, aliusikiliza mhadhara wote na kuandika muhtasari wa kurasa sita. Orodha ilipotolewa, jina lake lilikuwa miongoni mwa wasiohudhuria, na mahudhurio yake yakapungua kiasi cha kutiliwa shaka kama ataruhusiwa kufanya mtihani. Chuo kilituuliza rai yetu juu ya maana ya tangazo. Tulijibu kwamba maneno yake yanachukua maana zote tatu, na kwamba hakuna mwanafunzi aliyekosea kwa kuchagua mojawapo. Uamuzi juu ya mtihani haukuwa wetu. Ulikuwa wa chuo. Lakini tulirudi tukijua kwamba neno lisilokuwa na mpaka laweza kumkosesha mtu haki yake.

Katika makala haya tutajaribu kuyachambua maneno yanayotumika katika shughuli hii na kutoa mapendekezo. Yafaa ikumbukwe kwamba mihadhara mingi ya vyuo vikuu vyetu hutolewa kwa Kiingereza, lakini matangazo, maelekezo na masikilizano baina ya wanafunzi, wahadhiri na maofisa hufanywa kwa Kiswahili. Upungufu wa istilahi katika sehemu hii ni upungufu wa uendeshaji wa kila siku.

2. Tahadhari juu ya asili za maneno

Kabla hatujaingia katika maneno yenyewe, tutoe tahadhari moja, na mfano wake uko papo hapo Bububu. Watu wengi husema kwamba mji huo uliitwa kwa mlio wa gari moshi, ile reli iliyojengwa mwaka 1905 kutoka mjini hadi huko. Maelezo hayo yanapendeza masikioni. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, na yeye mwenyewe aliwahi kuishi huko kabla hajaondoka Unguja. Jina, basi, limelitangulia gari moshi kwa miaka mingi.

Vivyo hivyo katika istilahi. Neno haliwi na maana fulani kwa kuwa tu maelezo yake yanapendeza. Inatupasa tulitazame lilikotoka, lilivyotumika, na linavyofahamika sasa.

3. Mhadhara na kuhudhuria

Neno "mhadhara" limetokana na Kiarabu, na ukoo wake katika Kiswahili ni mkubwa: hadhara, hadharani, hadhirina, hudhuria, mahudhurio, mhadhiri. Maana iliyo kiini cha maneno yote haya ni kuwapo mahali, mbele ya watu. (Maneno "hadhari" na "tahadhari" hayamo katika ukoo huu, ijapokuwa sauti zimefanana, asili yake ni mzizi mwengine wa Kiarabu.) Kwa mtazamo wa asili, mhadhara ni maneno yanayosemwa mbele ya waliohudhuria. Ndipo tunapokutana na tatizo: je, mhadhara ambao hakuna aliyeuhudhuria, bali wote wameusikiliza baadaye, bado ni mhadhara?

Bibi yake yule mwanafunzi wa Bububu alikuwa na jibu lake. Alipomwona mjukuu wake anasikiliza usiku somo la asubuhi, alisema, "Hicho si chakula cha leo, mwanangu, hicho kiporo." Tumelitafakari neno hilo kwa makini, kwani si neno la mzaha tu. Watangazaji wa kandanda wamekwisha kulitumia kwa mechi iliyoahirishwa, nasi sote tumewaelewa. Hata hivyo, kiporo huashiria kitu kilichopungua ladha, na mhadhara uliorekodiwa haujapungua neno hata moja. Tumeliacha libaki katika mazungumzo, mahali ambapo linafaa sana.

Hapa Zanzibar jambo lenyewe si geni. Kwa miaka mingi kanda za mawaidha na darsa ziliuzwa madukani na kusikilizwa majumbani, na hakuna aliyeona tabu kuuita "mhadhara" ule uliomo ndani ya kanda. Matumizi ya watu yamekwisha kutoa hukumu: mhadhara ni yale yaliyosemwa, hata kama msikilizaji hakuwapo. Lakini matumizi hayo hayo hayakupata kusema kwamba mwenye kusikiliza kanda "amehudhuria." Alisema "nimeusikiliza mhadhara wa fulani." Tofauti hiyo ina thamani kubwa na yafaa ihifadhiwe.

Pendekezo letu ni kwamba kitenzi "kuhudhuria" kitumike pale tu mtu anapokuwapo wakati mhadhara unatolewa, iwe ukumbini au kwa njia ya mtandao. Anayeusikiliza baadaye "amefuatilia" mhadhara. Chuo kikitaka ufuatiliaji huo uhesabiwe sawa na mahudhurio, kina hiari ya kufanya hivyo; lakini kiandike wazi katika kanuni zake kwamba "kufuatilia mhadhara uliorekodiwa kutahesabiwa kuwa mahudhurio." Sentensi hiyo moja ingetosha kumwondolea wasiwasi mwanafunzi wetu.

4. Kurekodi na kunasa

Unguja imepitia maneno mengi katika kuhifadhi sauti. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatiwa katika sahani, watu walizungumzia santuri. Baadaye zikaja kanda, na pamoja nazo neno "kinasa sauti," lililoundwa kwa kitenzi chetu cha kale "kunasa." Leo simu moja hufanya kazi ya vyombo vyote hivyo.

Wapo wanaotaka tuliache neno "kurekodi" kwa kuwa limetoholewa, na badala yake tuseme "kunasa mhadhara." Tunaiheshimu hoja yao, kwani "kunasa" huzaa maneno kwa urahisi: kinasa, mnasaji, unasaji. Lakini tuitazame maana yake ya asili. Mtego hunasa ndege, na ndege hakupenda. Maana hiyo haijafa, imezidi nguvu. Magazetini, "sauti iliyonaswa" ni sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Mhadhiri akiambiwa kwamba mhadhara wake "umenaswa," ana kila sababu ya kuuliza nani aliyemtegea.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno yote mawili yabaki, kila moja na kazi yake. "Kurekodi" kutumike kwa kitendo kilichokusudiwa na chenye ridhaa ya anayerekodiwa. "Kunasa" kubaki katika majina ya vyombo, kama kinasa sauti, na katika maelezo ya namna chombo kinavyofanya kazi: maikrofoni iliyo mbali na mhadhiri hunasa zaidi kelele za feni kuliko maneno. Mwanafunzi anayemrekodi mhadhiri kwa siri chini ya dawati, huyo na aambiwe amenasa.

5. Kupakia na kupakua

Maneno haya mawili ni miongoni mwa istilahi zilizofaulu, nasi watu wa pwani tunaweza kujivunia kwamba yalitoka bandarini. Jahazi hupakiwa shehena, na likifika hupakuliwa. Neno "kupakua" lina makao mengine jikoni: chakula hupakuliwa kutoka chunguni kwenda sahanini. Maana zote mbili zinaafikiana, kwani katika kila moja kitu hutolewa katika chombo kikubwa kikamfikia anayekihitaji.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni la kutojua chombo ni kipi. Wanafunzi wengine husema "nimepakia mhadhara kwenye simu," kwa kuiona simu kuwa ndiyo jahazi. Matokeo yake mhadhiri hufahamu kwamba mwanafunzi ameweka kitu mtandaoni, kumbe amekichukua kutoka huko. Kanuni iwe hii: jahazi ni mtandao. Kinachotoka kwetu kwenda mtandaoni kinapakiwa. Kinachotoka mtandaoni kuja kwetu kinapakuliwa. Mhadhiri hupakia, mwanafunzi hupakua. Atakayesikiliza bila ya kuhifadhi chochote simuni mwake hakupakua, husemwa "anasikiliza mtandaoni" au "anatazama mtandaoni."

Tofauti hii si ya maneno matupu, kwani inahusu fedha ya mwanafunzi. Anayesikiliza mtandaoni mara tatu hulipia mara tatu. Aliyepakua hulipia mara moja. Tuchukue hesabu nyepesi. Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa sauti tupu kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kiasi cha megabaiti 29. Mhadhara huo huo ukiwa wa video kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde huchukua megabaiti 225, yaani karibu mara nane. Kwa mwanafunzi anayenunua kifurushi, au "bando" kama wanavyoliita vijana wote, hapo ndipo penye tofauti ya kufuatilia somo na kulikosa.

Kwa hiyo tunawanasihi waandishi wa matangazo wataje mambo mawili kila mara: kama faili ni la sauti au la video, na ukubwa wake. Aidha, watafsiri wachunge wasichanganye "biti" na "baiti." Baiti moja ni biti nane, na mwenye kuandika moja mahali pa nyengine amekosea hesabu mara nane.

6. Mtandaoni, mubashara na kurushwa

Machi 2020 vyuo nchini vilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena mwezi Juni, maneno mengi ya masomo ya mbali yaliingia kwa pamoja bila ya kupangwa. Neno "kurushwa," ambalo redio na televisheni zimelitumia kwa muda mrefu, lilihamia vyuoni pamoja na utata wake. Kipindi hurushwa, lakini kwa redio msikilizaji anajua kwamba kikipita kimepita. Mtandaoni kilichorushwa leo chaweza kuwapo kesho. Neno halimwambii mwanafunzi kama anatakiwa awahi au asubiri.

Kwa kile kinachotolewa na kupokewa wakati ule ule tunapendekeza "mubashara." Neno hili limekwisha kuzoeleka katika vyombo vya habari, ijapokuwa baadhi ya watangazaji husema "mbashara." Maneno "moja kwa moja" yanafahamika na wengi, lakini yana kazi nyengine nyingi. "Mhadhara utaletwa moja kwa moja kwa wanafunzi" kwaweza kufahamika kwamba utaletwa bila ya kupitia kwa mtu mwengine. "Mhadhara mubashara" hauna utata huo.

Neno "mtandaoni" nalo linajibu swali la wapi, wala halijibu swali la nani. Na hili la nani ndilo linalowatia hofu wahadhiri wengi. Mwaka 2001 Massachusetts Institute of Technology ya Marekani ilipotangaza kwamba itaweka zana za masomo yake kwenye intaneti bila ya malipo kwa mtu yeyote duniani, maana ya mtandaoni ilikuwa ni hadharani kabisa. Vyuo vingi vikisema mtandaoni hukusudia mahali panapofunguliwa kwa nywila, na kwa wanafunzi wa somo lile tu. Mhadhiri aliyeridhia la pili hakuridhia la kwanza.

Hapa hatuhitaji kuunda neno jipya. Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, neno "huria" limezoeleka katika elimu. Mhadhara uliofunguliwa kwa kila mtu na uitwe "mhadhara huria." Ule wa wanafunzi wa somo peke yao na uitwe "mhadhara wa waliosajiliwa."

7. Kushiriki, kushirikisha na kusambaza

Katika programu nyingi za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili mna kitufe kilichoandikwa "Shiriki." Mtafsiri alikusudia tendo la kumpa mwengine kile ulichonacho. Lakini kushiriki ni kuwa mmoja wa wanaofanya jambo. Anayeambiwa "shiriki mhadhara huu" ameambiwa awe miongoni mwa wahusika wake, hakuambiwa ampelekee mwenzake. Kilichohitajika ni kauli ya kutendesha: "shirikisha." Mhadhiri huwashirikisha wanafunzi mhadhara wake.

"Kusambaza" ni pana zaidi. Habari husambazwa, na maradhi husambaa. Neno linachukua picha ya kitu kinachokwenda kisipojulikana mwisho wake. Ndiyo maana linafaa kwa tendo la kukitoa kitu nje ya kundi lililokusudiwa. Kanuni ya chuo yaweza kuandikwa hivi: "Wanafunzi wanaruhusiwa kupakua mhadhara, hawaruhusiwi kuusambaza." Tukiandika "kushiriki" mahali pa "kusambaza," kanuni itakuwa imewakataza wanafunzi kushiriki katika mhadhara, jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kulikusudia.

Jambo hili lina upande wa sheria. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaitaja mihadhara miongoni mwa kazi zinazoweza kulindwa, pamoja na hotuba na mawaidha ya dini. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Watafsiri wa sheria, kwa hiyo, wasiyafanye sawa maneno haya: mhadhara ni wa kufundisha, hotuba ni ya kuwahutubia watu katika shughuli au siasa, na hutuba ni ya msikitini. Kwengine "hotuba" na "hutuba" huchukuliwa kuwa neno moja. Hapa Unguja kila moja lina mahali pake, na tofauti hiyo inatufaa.

8. Mapendekezo kwa ufupi

Mhadhara mubashara: mhadhara unaotolewa na kupokewa kwa wakati mmoja kwa njia ya mtandao.

Mhadhara uliorekodiwa: mhadhara uliohifadhiwa kwa ridhaa ya mhadhiri ili ufuatiliwe baadaye.

Mhadhara huria: mhadhara uliofunguliwa kwa mtu yeyote.

Mhadhara wa waliosajiliwa: mhadhara uliofunguliwa kwa wanafunzi wa somo husika tu.

Kuhudhuria: kuwapo wakati mhadhara unatolewa, ukumbini au mtandaoni.

Kufuatilia: kusikiliza au kutazama mhadhara uliorekodiwa.

Kupakia: kuweka faili mtandaoni.

Kupakua: kuchukua faili kutoka mtandaoni na kulihifadhi.

Kushirikisha: kulipatia kundi lililokusudiwa.

Kusambaza: kutoa nje ya kundi hilo.

Unukuzi: kuyageuza maneno yaliyosemwa kuwa maandishi.

Manukuu: maandishi yanayoonekana chini ya picha ya video, hasa kwa manufaa ya viziwi.

Kwa istilahi hizi, lile tangazo la sentensi mbili lingeweza kuandikwa hivi: "Mhadhara wa Jumatatu utarekodiwa. Wanafunzi waliosajiliwa wataweza kuupakua kuanzia saa kumi jioni. Faili ni la sauti, megabaiti 29. Atakayeufuatilia na kuwasilisha muhtasari kabla ya Ijumaa atahesabiwa kuwa amehudhuria. Hairuhusiwi kuusambaza." Limekuwa refu kidogo, lakini asiyelielewa atakuwa hakulisoma.

9. Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba watu watasema wapendavyo, na kwamba ofisi haiwezi kuwalazimisha. Ni kweli hatulazimishi. Lakini wasomaji wetu watakumbuka neno "kishikwambi." Lilipoanza kusikika wengi walilicheka. Ilipofika Sensa ya mwaka 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, na neno likaingia katika vinywa vya watu pamoja na kifaa chenyewe. Halikushinda kwa uzuri wa sauti yake. Lilishinda kwa kuwa ofisi zililitumia kila siku bila ya kulionea haya.

Kwa sababu hiyo, makala haya tumewaelekezea hasa walimu, watafsiri na maofisa wanaoandika matangazo na kanuni. Maneno yatakayobandikwa ubaoni wiki ijayo ndiyo yatakayosemwa na wanafunzi ukumbini, dakhalia na ndani ya daladala. Tunaomba yeyote mwenye neno bora kuliko haya, au aliyekutana na utata ambao hatukuutaja, atuletee maoni yake pamoja na sentensi ambamo neno hilo limetumika, ili tuyafikirie kabla ya mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kamati.